Dawa ya Pumu Ng'ambo ya Mnazi Mmoja

Mama yangu alikuwa mgonjwa wa pumu, na vidonge vyake viliuzwa Uhindini, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Hapo ndipo hasira zangu zilipoanzia. Sisi tulikaa Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita aliyotuachia baba, karibu kabisa na soko. Ukitaka papa mkavu, unampata. Ukitaka ndoo, ukili, ubani, utambi wa taa, vyote utapata bila kutoka jasho. Ukitaka kidonge cha kumfungua mtu kifua, jifunge kanga uanze kutembea na jua lako utosini.

Zahanati tulikuwa nayo, nisiseme uongo. Ulikwenda asubuhi na chupa yako kutoka nyumbani, maana wenzetu dawa walikuwa nayo lakini chupa hawana. Ukipanga foleni mpaka ufike dirishani, mgawa dawa aliinusa chupa kwanza, na akisikia mafuta ya taa alikurudisha ukaioshe upya. Ukipona hapo ulijaziwa maji ya kahawia. Mwenye kifua, mwenye tumbo, mwenye homa, wote maji yale yale. Adhuhuri ikifika, dirisha lilifungwa. Pumu ya mama haikujua saa za kazi. Ilimshika alasiri, moshi wa mkaa ulipoanza kujaa mitaani, na ilimpenda sana Jumapili, siku ambayo hata duka la Uhindini lilikuwa limefungwa, na senti zetu hazikutosha kuweka vidonge vya akiba. Nilimkalisha juu ya kigoda, nikamfunika shuka na sufuria ya mvuke wa mchaichai, nikamsugua mgongo huku nimenuna. Nilimnunia nani, sijui.

Wakati huo nilikuwa nauza vitumbua barazani. Mmoja wa wateja wangu, kijana wa pwani mwenye adabu zake, alikuwa karani wa bwana afya, Mzungu wa serikali aliyesimamia zahanati yetu. Asubuhi moja akaniambia, "Dada, wiki ijayo tunapita nyumba kwa nyumba na bwana mkubwa. Anataka kujua kama dawa zinawatosha. Mkisema hazitoshi, dirisha litakuwa wazi mpaka jioni, na Jumapili pia, na vidonge vya pumu vitaletwa hapa hapa. Mkisema zinatosha, basi tena."

Nilitangaza mtaa mzima. Jioni ile watu walikaa barazani kwetu wakafunguka. Mpangaji wetu, mchukuzi wa bandarini aliyetoka kusini, alifunua kidonda cha mguuni akasema anakitibu kwa majani, kwani dirisha linapofunguliwa yeye yuko kazini. Mama naye alisema kwa mdomo wake, "Jumapili iliyopita nilijua ndiyo naaga." Nikafurahi mno. Nikawaambia, haya, maneno hayo hayo mkayaseme mbele ya mgeni.

Siku ilipofika, mama alifagia ua tangu alfajiri, akatandika mkeka mpya, akavaa kanga zake za sikukuu na kupaka wanja. Akaniagiza nitengeneze sharubati ya ukwaju. Nikamwambia, "Mama, huyu anakuja kutazama shida, haji harusini."

"Mtu anaingia nyumbani kwangu mara ya kwanza," akanijibu, "nimpokee nimevaa kaniki ya jikoni?"

Bwana afya alikuja na karani wake, kofia mkononi. Alikuwa mpole, hilo nalo liliniudhi baadaye, kwa sababu nilikosa pa kumshika.

"Hujambo, mama?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kupimapima.

"Sijambo, bwana. Karibu."

"Watu wa nyumbani?"

"Wazima wote."

"Dawa mnapata?"

"Tunapata, tunashukuru."

"Zinatosha?"

"Alhamdulillahi. Kunywa sharubati, bwana."

Kifua chenyewe kilikuwa kinapiga mluzi, nakisikia mpaka pale nilipokaa! Nikadakia, "Mama ana pumu, na hapa dawa yake haipo." Mama akanitupia jicho, kisha akamtazama mgeni kwa tabasamu. "Huyu mwanangu ana pupa. Kinanibana kidogo tu, kinapita." Nikamgeukia mpangaji. Naye alishateremsha msuli aliojifunga kiunoni mpaka kwenye kifundo cha mguu, kidonda kisionekane. "Mzima, bwana," akasema. Nilitamani ardhi inimeze.

Wala hawakuwa waongo, jamani. Kwetu mgeni wa siku ya kwanza humtwishi mzigo wa nyumba. Unamjibu njema, anakula, anakunywa, anakwenda zake. Akirudi mara ya pili, ya tatu, akishakuwa mwenzenu, ndipo unavuta kigoda karibu na kumwambia yanayokusibu. Mama alikuwa anamngojea bwana afya afike huko. Bwana afya alikuwa na mtaa mzima wa kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Karani alilijua jambo hilo vizuri kuliko mimi, na bado alikaa akimtafsiria bwana wake neno kwa neno, macho yametua kwenye viatu.

Walipotoka nikawafuata mpaka njiani. "Mwambie basi!" nikamwambia karani. "Wewe si unatujua?"

"Dada, kazi yangu ni kumwambia wanayoyasema. Wanayoyanyamazia siwezi kumtafsiria."

Hata hivyo alimweleza maneno yangu. Bwana afya akanisikiliza, akatikisa kichwa taratibu, akasema mimi ni mmoja, na nyumba zote alizopita zimemwambia dawa zinatosha. Kisha wakaingia nyumba iliyofuata. Nikasikia huko nako wanakaribishwa sharubati.

Niliporudi ndani nilimkuta mama ameridhika. "Mtu mzuri yule," akasema. "Akija tena nitamweleza habari ya kifua."

Hakuja tena. Karani ndiye aliyeniletea jibu, akiwa amesimama na kitumbua mkononi bila kukila. Dirisha litabaki na saa zake zile zile, kwa kuwa wakazi wameridhika.

Jumapili moja, masika yakiwa yamekolea, pumu ilimbana mama mpaka midomo ikawa ya zambarau. Alipona kwa kudra tu. Kaka yangu, aliyefanya kazi ya reli Morogoro na kukaa jirani na hospitali ya misheni, alikuja akasema hapana, mama anahama. Mama alikataa, alilia, aliniomba mimi nimtetee. Nimtetee kwa lipi? Vidonge vilikuwa huko. Mimi mwenyewe nilimfungia nguo zake, kwa hasira, kila fundo nikilikaza kupita kiasi.

Huko Morogoro aliishi miaka, na kifua kilitulia. Alifia huko, na kwa desturi yetu ya kutokawiza maiti akazikwa huko huko, siku ile ile. Mimi nilifika kaburi limeshafukiwa. Hapa Dar, kando ya kaburi la baba, pale alipokuwa akituonyesha kila tulipokwenda kuzuru kwamba ndipo mahali pake, amelazwa mtu tusiyemjua.