Mafuta ya Papa Kwenye Gari Mpya

Najua mmeshaisikia, tena mmeisikia kwa watu ambao hawakuwapo, na kila anayeisimulia anaongeza paka wake wawili watatu. Basi leo naisimulia mwenyewe, na aibu yangu yote na hasira zangu zote, kisha mtu asinitajie tena neno papa mbele ya wateja dukani kwangu. Nimeaibika, nakubali. Lakini mnaocheka mnamcheka mtu aliyedhulumiwa kwanza, halafu ndiyo akajitia ujinga.

Gari niliinunua mpya. Narudia, mpya, si ile mpya yetu ya hapa, ya kusema mpya kwa sababu imetoka Japani juzi na viti bado vina nailoni. Hii haikuwahi kuwa na mwenyewe kabla yangu. Miaka yote ya karafuu na ya duka, miaka ya kuazima gari za watu kila maumivu ya miguu ya mama yangu yakimzidi na kutakiwa apelekwe hospitali Chake (na gari ya kuazima nayo ina maneno yake, unairudisha umeijaza mafuta na bado unaambiwa kiti kimekwaruzwa), nikasema sasa basi, mama yangu apande gari ya mwanawe. Nikaipokea bandarini Mkoani, nikaiendesha mpaka kwangu Wawi polepole kama niliyepakia mayai, mke wangu Mize akaifukiza udi, majirani wakaja kutoa hongera, na usiku ule nililala usingizi wa mtu mkubwa.

Asubuhi naiondoa uani, nakuta doa jeusi kwenye saruji. Nikachovya kidole nikanusa, oili ya gia, nzito, ile isiyotoka mkononi hata kwa sabuni. Nikainama chini ya gari. Lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, ambalo mafundi wanaliita difu, lilikuwa limelowa, na ekseli nzima kutoka gurudumu hili mpaka lile ilikuwa nyekundu kwa kutu. Kutu, jamani, kwenye gari ambayo hata tope la Pemba ilikuwa haijalijua.

Nikapiga simu Unguja kwa walioniuzia. Akapokea mtu mwenye sauti ya upole, upole ule wa kukukata maini, akaniambia, "Hiyo haivuji mzee, hiyo inatoa jasho tu, gari mpya zote hufanya hivyo. Na hiyo kutu ni ya juu juu, hewa ya bahari, wala haina madhara." Inatoa jasho. Nimenunua gari au nimeajiri kuli? Nikapiga tena kesho yake, na kesho kutwa, nikapiga mpaka nadhani namba yangu waliiandikia jina baya, na mwisho wakakubali kwamba Alhamisi atakuja fundi wao, Bwana Idrisa, aione kwa macho yake, na akiona inavuja, ekseli yote itabadilishwa kwa dhamana yao. Sharti lilikuwa moja. "Usiguse kitu mzee, tuikute kama ilivyo." Nikajibu sawa. Nilijibu sawa kwa mdomo wangu huu.

Sasa tatizo langu lilikuwa jirani. Mzee Faki, mnamjua, aliendesha malori maisha yake yote, na baraza yake inatazama moja kwa moja nyuma ya gari yangu panapolala. Akaanza kidogo kidogo. "Kombo mwanangu, weye ushauziwa mtumba. Gari mpya haifanyi kutu. Hino wameipiga rangi tu." Si kwamba aliniambia faragha. Kila aliyepita njia aliitwa, akaambiwa ainame, akaoneshwa ekseli yangu, akatikisa kichwa, akaenda zake na habari. Watu walioniletea hongera siku ile wakaanza kuniletea pole. Mimi huwa sivumilii kupewa pole wakati simo kwenye msiba. Damu ilinichemka, nikawa nakaa dukani nawauzia watu sukari huku nimekunja uso kama wameniibia.

Jumatano akaja shemegi yangu Hamad, kaka yake Mize, kutoka Kisiwa Panza. Hamad ni mtu wa vyombo vya baharini tangu utotoni, na siku ile alikuwa na dumu la mafuta ya papa anampelekea mtu wa Chake mwenye boti. Kwa asiyejua, ni mafuta yanayotolewa kwenye maini ya papa, yanapakwa kwenye mbao za vyombo zisiharibike, na harufu yake sina haja ya kuieleza, atakayeisikia mara moja ataijua mpaka kufa. Akainama, akatazama, akaguna.

"Shemegi, kutu hino waiwachia n'ni? Miye mashine yangu yashinda majini na haina doa. Naipaka mafuta ya papa, basi."

Hapo ndipo nilipoingia shimoni kwa miguu yangu. Nilikumbuka sharti, sisemi nilisahau. Lakini nikamtazama Mzee Faki kule barazani kwake anamwita mtu mwingine aje ainame, nikaona kupaka kidogo tu, sehemu ile inayoonekana na wapita njia, hakuwezi kuua mtu. Nikamwambia Hamad, "Paka hapo kwa nyuma tu, hilo difu usiliguse." Naapa nilisema. Yeye anaapa sikusema, na dada yake anamuunga mkono mpaka leo.

Nikaenda dukani. Nimerudi baada ya alasiri namkuta Hamad anatoka chini ya gari kwa mgongo, mafuta yamemfika mpaka kwenye ndevu, anacheka kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Alikuwa amepaka ekseli, difu, springi, tangi, na bomba la moshi lote mpaka mdomoni mwake. "Nimekupakia yote shemegi, miye sifanyi kazi nusu." Dumu la mtu wa Chake lilikuwa tupu. Sasa mtu aliyekufanyia wema kwa kiasi hicho unamwambia nini? Nilimshukuru. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilimshukuru na nikamkaribisha chakula.

Mize alitoka jikoni, akasimama mlangoni na kanga yake puani. "Bwana weye uliambiwa usiguse. Wagusa n'ni?" Nikamjibu kwamba gari ni yangu. (Hilo ni jibu la mtu asiye na jibu, na mke wangu alilijua, akarudi jikoni.) Jua halijazama, paka wa kwanza akafika.

Alhamisi nilikuwa nimealika watu. Ndiyo, nilialika. Nilitaka mashahidi, nilitaka Wawi nzima ione mtu wa kampuni anavyokiri kwa ulimi wake kwamba gari yangu ni mpya na kosa ni lao. Majamvi yalitandikwa uani, chai ya tangawizi, vitumbua, na Mzee Faki kakaa mbele kabisa na kofia yake ya harusini. Bwana Idrisa akafika, mtu wa Unguja, akifungua kinywa tu unamjua, mstaarabu, ana glavu na tochi. Akawasogeza paka waliokuwa wamejaa hapo, akaingia chini ya gari. Akakaa huko. Akatoka, akanusa glavu yake, akanitazama.

"Bwana Kombo, huku chini mmetia nini?"

"Mafuta tu, ya kuzuia kutu."

"Mafuta gani?"

Nikatafuta neno. Nilikuwa bado nalitafuta nikamsikia Mzee Faki kwenye jamvi, taratibu kabisa, anasema, "Papa."

Watu wangu mwenyewe niliowaalika, wenye vitumbua vyangu mikononi, walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Bwana Idrisa hakucheka. Alisema, "Sasa mimi oili ya gia nitaijuaje humu? Kila mahali panadondoka." Alikuwa na haki, na haki yake ilinipandisha hasira zaidi, nikamwambia basi tuiendeshe, difu likipata moto oili itajitokeza yenyewe utaiona. Wazo hilo lilikuwa langu, halikuwa la Hamad wala la mtu yeyote. Mzee Faki akapanda kiti cha nyuma bila kualikwa, eti awe shahidi, leso puani.

Tukaenda njia ya Chake. Mwanzo harufu tu. Kisha, mnajua bomba la moshi linapata moto kiasi gani, na mnajua lilikuwa limepakwa nini, basi ile harufu ikageuka ya kukaanga, na tulipofika sokoni moshi mweupe ukatoka chini ya gari pande zote, mzito, ukatufunika. Nikasimama pale pale kwenye watu. Mtu akapiga ukelele kwamba gari inaungua, na watu wa Chake (Mungu awalipe kwa nia zao, si kwa kazi yao) wakaja mbio. Wakamvuta Mzee Faki nje kwa mikono na miguu, kofia ya harusini ikakanyagwa. Wakamwaga mchanga, ndoo kwa ndoo, wakaurusha chini ya gari kwa mabeleshi. Mwenye kuuza samaki akaleta beseni la maji aliyooshea samaki, akalimwaga nalo. Nilikuwa napiga kelele kwamba haiungui, ni mafuta tu yanaungua, na bila shaka maneno hayo yaliwazidishia bidii. Moshi ulipotulia, mwanamke mmoja muuza ndizi akauliza kwa utaratibu tu, kama anauliza bei, "Hivyo nani aliyekuwa akikaanga papa ndani ya gari?"

Nikainama kutazama. Mchanga ulikuwa umenata kwenye mafuta kila mahali, ekseli imekuwa kama samaki aliyeviringishwa unga. Difu halionekani. Kutu haionekani. Bwana Idrisa aliinama pembeni yangu, akatazama, akasimama, akajipangusa viatu.

"Bwana Kombo, mimi nitaandika nilichokiona. Nimeona mafuta ya papa na mchanga. Dhamana haichukui gari iliyotiwa kitu na mwenyewe."

Hapo nilipasuka. Nilimwambia yote katikati ya soko, habari ya jasho, habari ya hewa ya bahari, habari ya chuma kilichooza kabla hakijafika kwa mwenyewe, nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka, na kila nililolisema lilikuwa kweli, na hakuna hata mmoja aliyenisikiliza, kwa sababu nilikuwa mtu anayenuka papa anayemtukana mtu msafi. Akapanda gari ya abiria kuwahi boti yake.

Tuliiosha gari kwa mafuta ya taa na sabuni mpaka vidole vikachubuka, mimi na Hamad, hatusemeshani. Ilipokauka nikaiegesha juu ya boksi la karatasi lililokunjuliwa, ikidondosha nione. Asubuhi, doa jeusi, mahali pale pale pa siku ya kwanza. Nikalipiga picha nikaituma Unguja. Ile sauti ya upole ikanijibu, "Mzee, fundi wetu alishakuja, suala lako limeshafungwa." Fundi wa hapa Chake ndiye aliyelifungua difu, akatoa sili, ile raba inayozuia oili isitoke, akanionesha imepinda, akasema imepinda tangu ilipotiwa kiwandani. Nilikuwa na haki tangu siku ya kwanza. Na siku hiyo hiyo gari iko juu ya mawe haina ekseli, miguu ya mama ikamzidi, nikatoka kwenda kuazima gari ya mtu.

Hamad nimeshamsamehe, yeye alinipa alichonacho. Mzee Faki nimemnunulia kofia nyingine, kwa kinyongo, lakini nimemnunulia. Nafsi yangu ndiyo sijaisamehe. Kutu ile haikuwa yangu. Walioniuzia ndio waliopaswa kuona haya, wao hawakuona, nikaona mimi kwa niaba yao, nikaenda kuwafunikia kosa lao kwa mikono yangu mpaka likapotea. Basi sikieni. Kuanzia leo mtu akiniuzia kitu kibovu nitakiweka nje kama kilivyo, kivuje, kioze, mpite mkiinamie mkicheke mnavyotaka, sitakipangusa hata vumbi, mpaka aliyeniuzia aje asimame mbele yake, na mumcheke yeye.