Magoti ya Kemilembe

Kemilembe aliolewa na mwanangu Alistides, hapa kijijini Rugu, akiwa na magoti mazima. Nasema hivyo kwa sababu huku kwetu mama mkwe humsalimii umesimama kama nguzo. Unapiga magoti, ndipo shikamoo yako inasikika.

Uzazi wa kwanza ukamharibu. Uchungu siku mbili, mtoto akatoka amekufa, nyonga ikabaki mbovu. Mtoto tukamzika migombani. Tangu hapo Kemilembe akawa ananisalimia nusunusu, ameinama, jasho linamtoka.

Nami sikunyamaza. Stephania, mke wa mwanangu mkubwa, anapiga magoti laini kama ndama anayelala. Siku ya komunio ya mjukuu wangu nikasema mbele ya watu:

"Kemilembe, mwangalie mwenzio. Kazaa wanne na adabu bado anayo."

Stephania akacheka. Kemilembe akatazama chini. Kuanzia siku ile kila kitu akakipima kwa Stephania: ndizi zake aliziona ndogo, maharage yake machache, hata kitenge chake hakukitaka tena. Akakonda.

Kwenye zahanati kulikuwa na nesi, Costansia, binti wa Warundi waliohamia zamani. Akaanza kuwafundisha wanawake wenye maumivu kitu wanaita yoga. Nikasikia Kemilembe anaenda huko. Nikadhani ni mambo ya mapepo, nikachukua fimbo yangu nikamfuata nimtoe.

Nikakuta wanawake wanane nyuma ya jengo, juu ya mikeka, wanavuta pumzi kama ng'ombe walioshiba. Kemilembe analia.

"Wenzangu wote wanafika chini. Mimi sifiki."

"Geukia ukuta," nesi akamwambia. "Fumba macho. Ijumaa mikono yako ilifika wapi?"

"Kwenye magoti."

"Na leo?"

"Imeshuka kidogo."

"Basi mtazame huyo wa Ijumaa. Hawa wengine waachie viungo vyao."

Nikageuka, nikarudi nyumbani. Nikajisemea, anahangaika bure, hatamfikia Stephania.

Akaenda mwaka mzima na zaidi. Juzi, mvua ilipokatika, niliingia migombani kukata ndizi, nikamwona. Kapiga magoti yote mawili kwenye kaburi la mwanawe, anang'oa magugu. Miaka mitatu kaburi lile lilipaliliwa na Alistides, Kemilembe kasimama pembeni. Alikuwa anaongea na mtoto polepole, kwa Kinyambo, lugha yetu. Sikusogea.

Alipomaliza akainuka bila kushika mgomba.

"Shikamoo, mama." Kasimama wima.

"Marahaba. Kumbe magoti yamepona."

"Yamepona."

"Stephania hanisalimii hivyo."

"Mimi si Stephania, mama."

Hakusema kwa hasira. Akapangusa udongo magotini, akapita.

Watu wananiambia nimsamehe. Sijawahi kumsamehe mtu, sitaanza na mkamwana. Lakini naye hajanisamehe, na kwa hilo simlaumu. Siku ile ya komunio, mwanawe alikuwa na miezi mitano tu ardhini, na hakuna aliyekumbuka. Hata mimi, bibi yake. Kaburi lile napita kando yake kila siku nikienda kukata ndizi. Sijawahi kung'oa hapo hata jani moja.