Mstari Ambao Sikuuandika Daftarini

Ni mimi niliyeiharibu kompyuta ya maabara. Kwa miaka kumi na sita nimekana, mara moja kwa mdomo na miaka yote iliyobaki kwa kunyamaza, na katika kunyamaza nilikuwa hodari kuliko katika kompyuta. Sasa nimeacha kazi hiyo, na vijana walioshika kazi yangu huniomba niwasimulie ilivyokuwa zamani. Nitasimulia, ila lazima hilo litangulie.

Siku ya kwanza nilikwenda kazini na viatu vya visigino. Ilikuwa hospitali ya kanisa kwenye miteremko ya Mlima Meru, mvua ilikuwa imenyesha, na tope la njiani lilibaki na kisigino kimoja. Nilimkuta Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, Mzee Nnko, mwenyeji wa Akheri, ameinamia mashine iliyofunguliwa mbavu. Nikampa shikamoo na bahasha yenye vyeti vyangu. Aliitikia marahaba, akaiweka bahasha juu ya kabati bila kuifungua, akaniangalia miguu.

"Chuo kikuu hawakuwaambia huku kuna mlima?"

Tangu hapo jina langu likawa Chuo Kikuu. Yeye hakusoma chuo chochote. Alianza kwa kutengeneza redio za majirani, akapewa kutunza jenereta ya hospitali, na kompyuta za msaada zilipofika, zikiwa zimeshachoka huko zilikotoka, alijifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga. Kitengo kilikuwa yeye, mimi, na kompyuta saba.

Kila kompyuta ilikuwa na daftari la shule lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Ukigusa mashine, hata kwa kufuta vumbi, unaandika tarehe, ulichofanya, na jina lako. Mzee alinieleza sheria hiyo siku ile ile. "Kisichoandikwa hapa hakikufanyika," alisema. "Na likitokea tatizo, tunaanza na aliyeandika mwisho." Niliitikia kwa adabu, na moyoni nikacheka. Nilikuwa na shahada. Daftari la kamba niliona ni mambo ya dukani.

Kazi yenyewe, kwa ninyi mliozoea kubonyeza mara moja na programu ikajiweka, ilikuwa hivi. Programu haibebi kila kitu chake. Mambo mengi huyaazima kwenye mafaili ya pamoja, tunayoyaita maktaba. Kwenye kompyuta za zamani ulikuwa ukiweka programu, inadai maktaba fulani; ukiileta, nayo inadai nyingine. Ilikuwa kama kuposa kwenye ukoo mkubwa: kila ukidhani umemaliza, kuna mjomba hajaarifiwa. Na ukishazipata zote, bado lazima kompyuta ijue zilipo. Kuna mstari unaoiambia itafute wapi kwanza, na wapi baadaye. Huo ndio tunaouita njia ya maktaba. Mtoto uliyemtuma chumvi nyumba ya kwanza yenye geti jekundu atabisha geti jekundu la kwanza analoliona. Mtu akijenga jingine jekundu karibu zaidi, mtoto atarudi na atakachopewa huko, na kosa si lake.

Mimi ndiye niliyejenga geti jingine.

Kompyuta ya maabara ilikuwa na programu ya zamani iliyopokea majibu ya damu kutoka kwenye mashine ya vipimo. Ijumaa moja nilitaka kuweka humo programu mpya ya takwimu. Ilihitaji maktaba mpya, yenye jina lile lile la ile ya zamani. Ningeweza kuielekeza programu yangu peke yake. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la kushuka mjini, nikaandika mstari mmoja unaoielekeza kompyuta nzima. Programu yangu ilifunguka. Ile ya zamani nayo iliendelea vizuri, kwa sababu ilikuwa imeshafunguka na maktaba yake ya zamani, na mstari ule haungeigusa mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Daftari lilikuwa pale gotini. Nikaona ni jambo dogo, sikuandika.

Jumamosi Mzee Nnko aliizima, akapuliza vumbi, akaiwasha, akaandika: nimezima, nimesafisha, nimewasha. Nnko. Jumatatu programu ya maabara haikufunguka.

Siku tatu majibu yaliandikwa kwa mkono na wagonjwa walipanga foleni hadi kwenye ua. Hakuna aliyekufa, nimejitetea kwa hilo mara nyingi. Mganga Mfawidhi, aliyekuwa bosi wetu wote, alishuka mwenyewe, akafungua daftari, akasoma mwandiko wa mwisho. Hakufoka. Alimwuliza mzee kama ana hakika hakugusa kitu kingine. Mzee alitazama mikono yake, akasema anadhani hakugusa.

Kwa siku mbili nilitafuta kosa kwa moyo safi kabisa, nikiwa na hakika haliwezi kuwa langu. Siku ya tatu niliuona mstari wangu. Nikaufuta, nikazima, nikawasha, na programu ikafunguka. Mganga Mfawidhi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ilikuwa nini?"

"Haikuzimwa vizuri," nilisema.

Mzee Nnko alikuwa mlangoni. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa jambo alilokuwa ameanza kulihofia. Mwezi uliofuata alihamishiwa stoo, kugawa karatasi na kalamu mpaka astaafu. Nami nikawa Mkuu wa Kitengo. Madaftari niliyaondoa, nikisema tunakwenda na wakati.

Yaliyofuata ni miaka ya kawaida. Nilihamia kwenye ofisi moja Kisongo, kisha nyingine mjini, nikafundisha vijana wengi, na kila mmoja nilimsisitizia kwamba njia ya maktaba ya kompyuta nzima haiguswi. Walinisifu kwa uangalifu wangu.

Mwaka huu nilikutana na Eliamani, binti wa Mzee Nnko, sokoni karibu na kwangu Sokon I. Nilimwuliza hali ya baba. Akasema mwili ni mzima, ila kuna jambo hawalielewi. Tangu astaafu hagusi chombo chochote. Redio ikikoroma anaiacha ikorome. Hata simu wajukuu humwekea sikioni, kwa sababu anasema mikono yake siku hizi inaharibu vitu. "Mikono ya baba," Eliamani alisema, "iliyotengeneza redio za kata nzima." Nikaomba namba.

Nilipiga siku ya pili, asubuhi. Mjukuu alipokea, akamwita.

"Shikamoo, mzee. Ni Chuo Kikuu."

Alicheka sana. Akauliza kama nilishanunua viatu vya maana. Ndipo nikamweleza kila kitu, kwa mpangilio, kama ninavyowaeleza ninyi: Ijumaa, mstari, gari la kushuka mjini, kuufuta, na yale maneno mawili niliyomjibu Mganga Mfawidhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole mkubwa:

"Eliamani ndiye aliyekutuma?"

"Hapana, mzee. Alinipa namba tu."

"Na yeye huwa ananiambia mikono yangu haina kosa. Mna roho nzuri, ninyi mabinti."

"Mzee, siyo huruma. Ni mimi. Niliandika mstari ule kwa mkono wangu."

 Nilisikia kuku, na mjukuu akihamisha simu kwenye sikio la pili.

"Uliandika daftarini?"

"Sikuandika."

"Basi, mwanangu," alisema Mzee Nnko, akaniuliza kama huko mjini mvua imeanza.