Pacha Aliyezaliwa Sehemu ya Kwanza

Kila asubuhi, kabla hajagusa kipaza sauti, Mpagi huingia chumbani kwa baba yake, huchukua redio iliyo juu ya kabati, huifungua mgongo, hutoa betri mbili na kuzitia katika mfuko wa shati. Mzee Kibirango humtazama kutoka kitandani. Jioni betri hurudishwa. Kutwa nzima mzee humlalamikia kila apitaye uani kwamba redio za siku hizi hazina uhai.

Chumba cha mzee na chumba cha kurekodia vimetenganishwa kwa pazia tu. Mwaka jana matangazo ya vifo ya redioni yaliingia katikati ya filamu ya harusi, na mpaka leo kuna watu hapa mtaani Nansana wanaoamini kwamba yule bibi harusi Mzungu alifiwa na shangazi yake kule Masaka.

Mpagi ni vijei. Husimulia picha za kigeni kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji, wanaume kwa wanawake, wote kwa koo lake moja. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kutazama picha kabla ya kuitafsiri. Alijivunia jambo hilo. Wengine hutazama kwanza, wakaandika, wakasoma kama mapadri. Yeye alikaa, akabonyeza, akaenda nayo.

Ndivyo alivyoingia matatani na ile tamthilia ya handaki.

Ilimhusu dereva wa treni, kijana ambaye Mpagi alimpa jina la Mukiibi. Baba yake alimwacha akiwa na miaka sita. Siku moja Mukiibi aliingia na treni katika handaki la zamani, akatokea upande ambao maisha yalikuwa yameshika njia nyingine. Vita vilikuwa vimekwisha mapema, daraja la mjini halikujengwa, mama yake alikuwa hakimu asiye na mume. Na sokoni, akichagua samaki, alisimama mwanamume mwenye sura ya baba yake.

Mpagi alipoiona sura ile ile mara ya pili, hakusita hata kwa pumzi moja. "Hao ni mapacha," aliwaambia watazamaji. "Yule aliyetoroka ni Wasswa. Huyu wa ng'ambo ni Kato." Kila Mganda mwenye mapacha wa kiume huwaita hivyo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Kuanzia hapo uongo ukawa na miguu yake. Bibi wa familia ilibidi awe Nnalongo, mama wa mapacha, na supu aliyoipika katika sehemu ya tatu ikawa ya sherehe ya mapacha. Ilipoonekana kwamba wanaume wale wawili wana kovu moja mahali pamoja, Mpagi alisema walichanjwa siku moja. Saini zao zilipofanana, alisema waliketi dawati moja. Watu wakampenda Kato. Mwanamke wa chapati pale njiapanda alimsimamisha Mpagi mara tatu kumwambia amtafutie Kato mke. Na katika sehemu ya tano, Mukiibi alipomkumbatia Kato na Mpagi akasema "baba mdogo, sasa wewe ndiye baba yangu," ukumbi mzima wa video ulipiga makofi.

Jumamosi moja iliwasili sehemu ya tisa, ya mwisho. Mpagi alikaa, akabonyeza, akaenda nayo kwa dakika kumi na mbili. Kisha akainua mkono.

"Simamisha. Amesema nini?"

Aliyeshika mitambo alikuwa Nalwadda, binti aliyemaliza chuo kikuu mwaka juzi na kupata kazi ya kubonyeza vitufe vya Mpagi. Kwa siku huenda akasema maneno ishirini, nusu yake yakiwa ssebo, yaani bwana.

"Amesema hana pacha, ssebo."

"Rudisha."

Akarudisha. Yule mwanamume alisema vilevile, polepole, kama anayesoma mashtaka. Hakuwahi kuwa na ndugu. Yeye na yule aliyemwacha Mukiibi ni mtu mmoja, ila huku kwake Mukiibi hakuzaliwa. Kijana akamshika shati, akampiga kifuani, akamuuliza kwa nini aliondoka.

"Na wewe umelijua hili tangu lini?" Mpagi aliuliza.

"Tangu sehemu ya pili."

"Ukanyamaza."

"Niliandika kwenye karatasi. Nikaiweka chini ya kikombe chako."

Mpagi aliikumbuka ile karatasi. Aliifutia chai. "Nyumba inaungua," akasema, "wewe unaandika barua."

Akampigia simu Kasumba, muuza picha aliyekuwa akiisubiri kazi ile, ambaye hakuona shida yoyote.

"Mwache awe pacha. Nani atajua?"

"Mtu yeyote mwenye macho, Kasumba. Kijana anamshika shati, anamlilia, anampiga kifuani. Nani anampiga baba mdogo aliyempenda tangu sehemu ya kwanza?"

"Sema amelewa."

"Nilisema amelewa katika sehemu ya saba."

"Basi ni ndoto."

"Ndoto ilikuwa ya nne."

"Sasa vijei, wewe umetumia kila kitu, mimi nifanyeje?" Kasumba akakata simu.

Pazia likasogea. Mzee Kibirango aliingiza kichwa, mdomo bado una mchuzi wa ndizi za katogo. "Leo Kato anamchukua kijana, si ndiyo?"

"Baba, tunafanya kazi."

"Nauliza tu. Yule Wasswa ni mbwa. Mwanamume gani anaacha mtoto wa miaka sita? Lakini Kato ni mzazi. Kato ndiye angekuwa baba yake tangu mwanzo."

"Baba, rudi ukakae."

"Nakaa hapa hapa nyuma. Redio yenyewe imekufa."

Pazia likashuka. Mpagi alibaki akiliangalia. Katika kila sehemu ya tamthilia mzee alimtukana Wasswa hivyo hivyo, kwa roho nyeupe kabisa. Mpagi alikuwa na miaka minane baba yake alipokwenda Jinja kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, arudi Krismasi. Alirudi baada ya miaka ishirini na tisa, na begi moja na macho yenye ukungu. Mpagi alimpa chumba, akampeleka kliniki, akamnunulia redio. Hawakulizungumza jambo hilo hata siku moja. Mzee alikaa tu, akala, akawachukia akina baba wa kwenye picha.

Kuchekwa na Nansana nzima kungepita. Watu wangemcheka wiki moja, kisha wangetaka picha mpya. Lakini maneno ya Mukiibi hayakuwa na kinywa kingine ila chake. Angelisema lile swali la kijana, lingesikika nyuma ya pazia kwa sauti ya Mpagi, na mzee asingekuwa na Kato wa kujificha nyuma yake. Akimwacha Kato awe pacha, wangeendelea kula pamoja kama walivyokula miaka saba hii, kila mtu na sahani yake.

"Ssebo," Nalwadda akasema, "umeme huondoka saa sita."

"Najua umeme huondoka saa ngapi." Akavuta kiti. "Anza."

Picha ikatembea. Yule mwanamume akafungua kinywa, na Mpagi akaingia pamoja naye.

"Mukiibi, nilikudanganya. Nilisema mimi ni Kato. Kato hayupo. Niliona aibu, nikajitungia pacha, na nyinyi wote mkaamini, hata Nnalongo mwenyewe akapika supu."

Nalwadda akafunika mdomo. Mzigo wote wa uongo wa sehemu nane ulikuwa umetwikwa mgongoni mwa mtu wa kwenye picha, na ulimkaa vizuri.

Kisha ikawa zamu ya kijana. Kwa kawaida Mpagi humpa kijana sauti nyembamba kidogo. Safari hii alisahau.

"Kwa hiyo ni wewe. Ni wewe uliyepanda basi. Nilikuwa nimesimama pale na kaptura ya shule, ukaniambia nirudi nyumbani, unakuja. Uliondoka kwa nini?"

Katika picha yule mwanamume aliangalia viatu vyake. Mpagi, ambaye hujaza kila kimya kwa mzaha, hakutia hata mmoja. Nyuma ya pazia kiti kililia mara moja.

"Sina jibu," mtu wa kwenye picha akasema hatimaye. "Ungezaliwa huku pia, huenda ningeondoka vilevile."

Walimaliza saa sita kasoro dakika tano. Mukiibi alirudi upande wake wa handaki, peke yake, na majina yakapanda juu ya kioo.

"Kwa hiyo Kato hayupo?" sauti ya mzee ikauliza.

"Hayupo, baba."

"Mie nilimpenda."

"Watu wote walimpenda."

Kiti kikalia tena. Kisha mzee akasema, "Lile jibu lake ni baya sana. Mtu anaulizwa na mwanawe, anasema sina jibu? Ningekuwa mimi ningejibu vizuri zaidi."

Mpagi aligeuza kiti kikaelekea pazia. "Ungejibuje?"

Alingoja. Uani mtu alikuwa akikwangua sufuria. Mzee alikohoa, akaanza neno, akaliacha, akaanza jingine.

"Nipe muda," akasema.

"Baba, umekuwa nao miaka ishirini na tisa. Na saba ya hapa."

"Ndiyo. Niongezee."

Mpagi alifumba macho, akapumua kwa pua. Wakamsikia mzee akivuta kiti kukipeleka nje, kwanza kikagonga mlango, kisha ukuta, kisha mlango tena. Hakuomba msaada, na Mpagi hakunyanyuka.

Nalwadda alikuwa akikunja nyaya, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu usiohitajika. Alipofika wa mwisho akaushikilia.

"Ssebo, kwenye picha hakuna basi," akasema. "Umelitoa wapi?"

"Ni lile lililompeleka baba Jinja," Mpagi akasema. "Nililikimbilia mpaka kona ya kanisa, nikachoka."