Antena Juu ya Mnazi wa Nyawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa spana, kamba ya katani na onyo. Spana na kamba nilipewa na karani wa stoo. Onyo nilipewa na mkuu wa mitambo wa hoteli ile ya Galu, Mmarekani wa makamo, mrefu, mwenye mikono mikubwa, ambaye wafanyakazi wote walimwita Bwana Mitambo. Aliniuliza kama najua televisheni. Nikamjibu kwamba labda najua kidogo, maana niliwahi kushika taa nikimmulikia fundi redio wa Ukunda.

"Hamisi," akasema, na Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno limewekwa mahali pake, "hapa tuna umeme, tuna waya, tuna mitambo. Neno 'labda' hatuna. Hiyo 'labda' haishiki umeme. Niambie umeona nini, basi."

Nikamwambia nimeona sanduku lenye kioo, na ndani ya kioo kuna chenga. Akafurahi. Akasema hilo ni jibu la fundi.

Naandika haya kwa sababu wajukuu wangu wananiuliza kazi yangu ilikuwa nini, nami nikianza kueleza wanatazama simu. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba pale Msambweni, kwa hiyo mwenye kujua zaidi anisahihishe. Nitajitahidi kutomsingizia mtu, hasa wale ambao hawapo tena wa kujitetea.

Televisheni za wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe, nzito kama kabati la nguo. Ndani mlikuwa na valvu, yaani vichupa vya kioo vinavyowaka vyekundu, na ukiwasha ilikubidi usubiri vipate moto kwanza. Mawimbi yalitoka mlingoti wa Mombasa, na yakifika kwetu kusini yalikuwa yamechoka. Basi antena, ule mfano wa kichana cha mabomba, ilitakiwa iwe juu sana na ielekezwe kaskazini barabara. Ikigeuka upana wa kiganja tu, picha inajaa chenga, zile nukta nyeupe zinazochemka kama wali jikoni. Ikigeuka kidogo zaidi unapata mapacha: msomaji habari mmoja, vichwa viwili.

Hoteli haikuwa na mlingoti. Bwana Mitambo alizunguka kiwanja akaona mnazi mrefu kupita yote, umesimama peke yake nyuma ya chumba cha dobi. Nikapanda, nikafunga antena chini kidogo ya makuti kwa nati na kamba, tukateremsha waya bapa hadi ukumbini. Picha ikaja safi. Meneja akatupongeza mbele ya wageni.

Jioni ile ile akaja Nyawa. Alikuwa Mduruma wa upande wa Kikoneni, mgema wa tembo, mtu mfupi mkakamavu mwenye kotama, kile kisu cha kugemea, kiunoni. Alisimama chini ya mnazi akatazama juu kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, ni nani aliyetundika kiunzi cha samaki kwenye mnazi wangu?"

Nikamwambia shamba ni la hoteli.

"Shamba mlinunua. Mnazi hamkununua."

Na alikuwa na haki. Kwetu pwani ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Mwenye mnazi ule alikuwa amempangisha Nyawa kabla hoteli haijawekewa msingi. Bwana Mitambo alipoelezwa hakubishana. Alivua kofia akamwomba radhi, na Nyawa akaweka sharti moja tu: antena ibaki, lakini yeye atapanda mnazi wake saa zake, asubuhi na jioni, na asiulizwe na mtu. Wakapeana mkono. Tangu siku hiyo kila jioni picha ilitikisika kidogo, wageni wakaguna, nasi tukawaambia ni upepo. Upepo kweli ulikuwepo, sikusema uongo kamili.

Tukiwa kazini Bwana Mitambo alipenda kunisimulia ujana wake. Alikuwa mfanyakazi wa televisheni kule Marekani ilipoanza anza. Mimi nilidhani Wamarekani walizaliwa nayo ndani ya nyumba. Kumbe hata kwao watu walisimama barabarani kutazama kupitia dirisha la duka. Alinieleza kwamba mchezo uliigizwa mara moja, papo hapo, ndani ya chumba chenye taa kali mpaka rangi za usoni zikayeyuka. Mwigizaji akisahau maneno, taifa zima linamwona amesahau. Kituo kimoja kilicheza, na vituo vya miji mingine vilivyounganishwa nacho kwa waya vikaonyesha wakati huo huo. Huo ndio waliouita mtandao, kabla neno hili halijachukuliwa na simu.

"Na miji ambayo waya haukufika?" nikamuuliza.

"Hiyo ilikuwa Msambweni yetu," akasema. "Tuliweka kamera ya sinema mbele ya kioo cha televisheni, tukapiga picha ya picha. Mkanda ukatumwa kwa garimoshi. Kituo kikimaliza kinampa jirani, kama sufuria ya harusi."

Kazi yake ilikuwa kushika maikrofoni iliyoning'inia kwenye ufito mrefu juu ya vichwa vya waigizaji. Ufito usionekane, na kivuli chake kisionekane. Aliufanya mchezo wa kila wiki kwa muda mrefu na hakuuona hata mmoja. Angeuona wapi? Ulipokuwa ukionyeshwa, yeye alikuwa ndani yake akiushikia maikrofoni. Mama yake aliuona. Jirani zake waliuona. Mara moja ufito ulimponyoka kidogo, kivuli kikapita kwenye ukuta nyuma ya mwigizaji wa kike, na mamake akampigia simu kumwambia, "Mwanangu, leo nimekuona." Mama huyo alifariki mwaka uliofuata.

Basi siku moja Bwana Mitambo alikuja karakana ameshika gazeti. Kwenye orodha ya vipindi vya Jumamosi palikuwa na mchezo wa zamani wa Kimarekani. Jina sina hakika nalo, sitalitaja. Ulikuwa mchezo wake, ule ule wa kivuli. Mkanda ulikuwa umezunguka dunia ukaishia Kenya.

"Wataonyesha mara moja," akasema. "Hamisi, nataka kukiona kile kivuli."

Wiki nzima tulikaza nati, tukabadilisha waya, tukapangusa kioo. Meneja alitaka ukumbi utumike kwa ngoma ya wageni, lakini alipoelezwa aliihamishia ufukweni mwenyewe. Nalisema hili kwa sababu watu walizoea kumsema vibaya.

Jumamosi ikafika. Nilipotoka kusali alasiri nilisimama chini ya mnazi, maana Bwana Mitambo hakuamini kitu kisicholindwa. Yeye alikuwa ukumbini peke yake mbele ya kioo. Bi Mwanasha wa udobi, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuita watu wa Munje kutoka Galu, alijiweka dirishani kati yetu. Mchezo ukaanza, picha safi kabisa.

Ndipo Nyawa akaja na vibuyu vyake.

"Shikamoo, Mzee Nyawa," nikasema. "Leo ungechelewa kidogo?"

"Marahaba. Tembo halijui Jumamosi. Wateja wangu wamekaa pale mpakani mwa shamba, makoo yamekauka." Akaweka mguu kwenye kikato cha kwanza cha shina, akapanda. Ndilo sharti tulilokubaliana, sikuwa na neno.

Alipofika juu, bega lake liligusa antena na kamba ikafyatuka.

"Chenga!" akaita Bi Mwanasha. "Hamisi, Bwana anasema chenga!"

"Mzee Nyawa, rudisha kiunzi chako cha samaki!"

"Kwa hiyo leo ni changu?"

Akairudisha. Picha ikaja. Akaiachia, chenga zikarudi. Nati nayo ilikuwa imechomoka, na kule juu hapakuwa na nafasi ya watu wawili. Nilimweleza kwa kupaza sauti kwamba lazima aishike kwa mkono mpaka mwisho.

"Kuna nini humo ndani hata niache kugema?"

"Bwana Mitambo anatafuta kivuli chake."

Makuti yakatikisika kwa kicheko. "Jua lote hili, na mtu anatafuta kivuli kwenye sanduku?"

"Ni cha siku ambayo mama yake alimwona. Mama ameshafariki."

Hapo hakucheka tena. Nikaona akiifunga miguu kwenye shina, akaning'iniza kotama kwenye kuti. "Haya. Nishike wapi?"

"Kulia kidogo."

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kwa Mombasa!" akaita Bi Mwanasha. "Hapo hapo! Usipumue!"

Wateja wake wakatoka mpakani wakaja kusimama nami, kila mmoja akiwa na maoni kuhusu kaskazini ni wapi. Nyawa akasema hawezi kushika kitu asichokijua, asimuliwe. Bi Mwanasha akawa anatazama ndani na kutusimulia nje.

"Kuna mwanamke amevaa kofia. Analia."

"Mumewe amekufa?" Nyawa akauliza kutoka juu.

"Hajafa, amechelewa."

"Amechelewa tu na analia? Mke wangu angekuwa ameshafunga mlango."

"Anakwenda ukutani sasa. Anaegemea. Nyawa, mkono wako unashuka, chenga zinakuja! Anafungua mdomo..."

Nyawa akanyoosha mkono mpaka nikaogopa ataanguka. Aligeuza uso akafunga macho. Mimi nilikuwa nimeshika waya kwa mikono miwili, kama vile picha ingeweza kuteleza ikanipita. Hata walevi waliinua nyuso kumtazama.

Kisha tukasikia kicheko. Si cha mtu mzima, ni kicheko cha mtoto aliyerushwa juu na kudakwa. Bwana Mitambo alikuwa akicheka, na Bi Mwanasha akageuka kwetu akijifuta macho kwa ncha ya leso.

"Kimepita," akasema. "Kivuli chembamba kama ufagio. Kimempita yule mwanamke juu ya kichwa."

Mchezo ulipokwisha Nyawa aliteremka, mkono umekufa ganzi, vibuyu vitupu. Bwana Mitambo akatoka ukumbini. Alimtazama Nyawa, akanitazama mimi, akauliza, "Ninyi mmeona?"

"Mimi nilikuwa juu," Nyawa akasema. "Huyu alikuwa chini."

"Basi kaeni."

Akatukalisha kwenye benchi la udobi pamoja na wale wateja, akaomba ufagio mrefu wa Bi Mwanasha, akatuigizia mchezo wote tangu mwanzo. Akawa mwanamke wa kofia, akawa mume aliyechelewa, akawa mwenye maikrofoni. Alipofika pale penye kivuli aliinua ufagio, jua likiwa limeshuka, na kivuli chake kikapita kwenye ukuta wa udobi polepole, kikatupita sote vichwani. Nyawa akapiga makofi pajani kwa mkono mmoja mzima. Akasema sasa ameelewa kwa nini mtu angehangaika, ila yule mwanamke bado hajamwelewa.

Bwana Mitambo alirudi kwao baadaye. Mimi nilihamia hoteli nyingine ya Diani, kisha nikafungua banda langu Msambweni. Nilifunga antena za mabati, baadaye madishi, mpaka magoti yakakataa ngazi nami nikastaafu. Sijui kama nilikuwa fundi hodari. Waliokuwa bora kuliko mimi nawafahamu kwa majina. Lakini nilikuwa na furaha, na hilo siwezi kulitilia shaka.

Vijana wanaofanya kazi hii sasa wana vipimo vinavyowaambia mawimbi yamefika. Sisi tulikuwa na watu wa ndani. Uko juu ya paa, jua la utosi, unageuza bomba na kuuliza, "Imekuja?" Wanakujibu bado. Unageuza tena, unauliza, wanakujibu karibu. Unageuza mara nyingine, unauliza, na hakuna anayekujibu. Unaita tena kwa nguvu, kimya. Wamekusahau, wanatazama. Hapo ndipo nilipokuwa nikikaza nati, nikakusanya spana zangu na kushuka taratibu, nisiwakatize.