Gari Lisilotaka Pete

Watu wakisikia nilipata kuwa mlinzi wa gari pale Voi, huniuliza wezi walikuwa wengi kiasi gani. Wezi wapi? Nani angeiba gari katika Voi ya wakati ule, na alipeleke wapi? Mimi sikulinda gari, nililinda rangi yake. Niseme mara ngapi? Rangi! Kulikuwa na mtu aliyenilipa ili rangi ya gari lake isichubuke, na kazi hiyo ilinichosha kuliko kukata mkonge. Na mkonge nimeukata miaka, mgongo huu ni shahidi.

Bwana mwenyewe alikuwa Mzungu, fundi mkuu wa mitambo katika shamba moja la mkonge nje kidogo ya mji. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Gari lilikuja kwa treni kutoka Mombasa, limefungwa turubai kama maiti ya mtu mkubwa, na siku lilipoteremshwa stesheni tulikwenda wengi kulitazama. Lilipofunuliwa tukacheka. Lilikuwa fupi, limelala chini, lina viti viwili tu, na nyuma hakuna mahali pa kuweka hata gunia la mahindi. Lakini rangi, jamani! Kijani cha chupa, na ndani yake ungeweza kujiona mpaka meno. Alilinunua kwa ajili ya mashindano ya mbio za magari huko Nairobi, na nadhani alishindana mara moja tu. Siku zilizobaki alikuwa akishindana na vumbi, na mshindani wake halisi nilikuwa mimi.

Alinitoa kwenye kinu cha mkonge kwa sababu aliona nina mikono ya polepole. Akanifundisha kwa Kiswahili chake kile cha kuamrisha. "Wewe hapana pangusa vumbi kavu. Kwanza maji. Mingi. Baadaye kitambaa." Katika hilo alikuwa na haki, simnyimi. Vumbi la Voi ni jekundu na laini, linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli, lakini ndani yake mna mchanga. Ukilipangusa kavu umeipiga rangi msasa. Kwa hiyo kila asubuhi nilichota maji, nikayamwaga juu taratibu mpaka vumbi literemke lenyewe, ndipo niguse. Vitambaa vilikuwa vya leso kuukuu, zile zilizofuliwa mpaka zimekuwa laini. Nikimaliza kukausha napaka nta ya kopo, kivulini tu, kwa sababu juani inaganda na kuacha mabaka. Mavi ya ndege yalitaka kuondolewa papo hapo kabla hayajaunguza rangi. Kuku wa mpishi nao walipenda kulala juu ya boneti, na kuku wale nimewafukuza mpaka nikawaota. Jioni nalifunika shuka kubwa la amerikani, nalo kila asubuhi lazima nilikung'ute mbali na banda, maana shuka lenye vumbi linakwaruza kuliko mkono mtupu.

Kisha akaanza na mavazi yangu. Vifungo vya shati akataka vikatwe, nikafunga shati kwa kamba. Mkanda wenye chuma, hapana. Nikafunga suruali kwa katani ya mkonge. Watu wa laini, yaani kwenye nyumba za wafanyakazi nilikokaa, waliniona napita asubuhi vile na hawakuwa na huruma. "Bwana harusi huyoo!" walipiga kelele. "Anakwenda kumwogesha mke wa pili!" Mwingine anauliza, "Leo umemfunika shuka gani?" Nilijikaza kisabuni, nikacheka nao. Sikujua kwamba kicheko kile kingepanda mlima.

Sasa nieleze habari ya pete, maana bila hiyo hakuna kisa.

Mke wangu alikaa kwetu Wusi, juu milimani, na watoto na shamba, kama wake wengi wa watu wa Voi. Nilikuwa nimemtolea mahari yote kwa mila, hakuna mzee angeweza kusema nina deni. Lakini kanisani mila haikutosha. Miaka mingi mke wangu aliketi benchi la nyuma, na wenzake wakiinuka kwenda kwenye meza ya Bwana yeye anabaki amekaa, mtoto mgongoni, anatazama sakafu. Liliniuma, lakini yeye lilimuuma zaidi. Mwishowe tukafunga ndoa ya pete, watoto wetu wenyewe wakituimbia. Pete alitufulia sonara mmoja wa Voi, mtu wa pwani, kutokana na sarafu za fedha. Jumapili ile mke wangu akahamia benchi la mbele, na mimi sijapata kumwona mtu akikaa kwenye ubao kwa raha namna ile. Aliniambia, "Baba watoto, hii isitoke hata ukioga." Hakuwa akitania. Wanawake wa kanisa waliangalia sana vidole vya wanaume waliorudi kutoka Voi. Mwanamume aliyerudi bila pete, walisema ameificha mfukoni kwa ajili ya mwanamke mwingine, na mke wake ndiye aliyeaibika.

Basi siku moja bwana akakuta mkwaruzo mlangoni. Mkwaruzo mwembamba, unywele. Alipiga magoti, akauona, akausugua kwa kidole chenye mate, haukutoka. Akainuka akanishika mkono wa kushoto. Hakuangalia saa yake ya chuma, wala funguo zake zilizoning'inia. Aliangalia pete yangu.

"Hii toa."

Nikajaribu, na wala sikuwa namdanganya. Kiungo cha kidole kilikuwa kimevimba tangu kazi ya kinuni, pete ikafika hapo ikakataa. Sabuni, mafuta, vyote bure.

"Kesho kata," akasema. "Karakana iko msumeno."

"Bwana, hii ni ya kanisa. Ya mke wangu."

"Kanisa hapana lipa wewe."

Nilitaka kumjibu, lakini watoto watano hawali hasira. Nikamwomba niifunge kitambaa, tabaka juu ya tabaka, isiguse chochote. Akafikiri kidogo. "Haya. Lakini mimi naona mkwaruzo ingine, wewe kwisha kazi." Kisha akaongeza kwamba sitapanda mlimani mpaka upepo wa kiangazi upungue, kwa kuwa siku za upepo gari halikai bila mtu.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi ile. Asubuhi nakifunga kidole kitambaa kipya, nakikaza kisiteleze. Saa mbili kimelowa maji, saa sita kimelowa mafuta ya taa niliyotumia kuondoa lami. Jioni nakifungua, ngozi imekuwa nyeupe. Baadaye ikapasuka. Baadaye tena ikatoa harufu, nikaacha kukifungua mbele za watu. Maumivu yalikuwepo, lakini siyo yaliyonimaliza. Kilichonimaliza ni kufikiri. Kila nilipopitisha kitambaa juu ya rangi ile nilifikiri, hapa nikikwaruza, kazi imekwenda, na nikiikata, mke wangu amerudi benchi la nyuma. Siku nzima ni hivyo, kutoka madigadi ya mbele mpaka ya nyuma. Nikilala nimechoka, nikiamka nimechoka vilevile. Hata chakula nilikiona kama kazi nyingine.

Na huku nyuma, malori ya mboga yaliyoteremka kutoka milimani kuja stesheni yalirudi na mazungumzo. Sijui nani aliyasema, wala sina haja ya kujua. Mzaha wa laini ukafika Wusi ukiwa umevuliwa kicheko chake. Kule uliposimuliwa mtoni ulikuwa hivi: mume wa fulani amepata mke wa pili Voi, anamwogesha kila asubuhi, anampaka mafuta, jioni anamfunika shuka. Kidole cha pete anakificha kwa kitambaa. Na mwezi wa pili huu hajarudi kwake.

Ungekuwa wewe ndiye mke, ungefanyaje?

Alikuja na lori la mboga, amekaa juu ya magunia ya kabeji. Mimi nilikuwa bandani, nimelifunika gari kwa ajili ya upepo, nimeinama kufunga pindo la shuka kwenye bampa, nikasikia, "Yuko wapi?" Nikageuka. Mke wangu amesimama juani, leso kaifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kupigana, na kweli alikuja kupigana.

"Nani?" nikauliza, mjinga mimi.

"Usiniulize nani! Unayemwogesha! Unayempaka mafuta! Nimetoka Wusi juu ya kabeji, sitarudi sijamwona uso."

Mpishi wa bwana alitoka jikoni, akashika mdomo. Nilikuwa sina hata nguvu ya kujitetea. Nilishika pindo la shuka, nikalivuta.

Akalitazama gari. Akalizunguka pole pole, mbele, ubavuni, nyuma. Akajiona ndani ya mlango, akarekebisha kilemba bila kujijua. Nilidhani atacheka, na mpishi tayari alikuwa anacheka. Hakucheka.

"Huyu?" akasema. "Ni huyu aliyekuzuia kuja kwako miezi miwili?"

"Ni huyu."

"Na hicho kitambaa?"

Nikaurudisha mkono nyuma. Alikuwa amekwisha nusa. Mke wangu amelea watoto watano na mbuzi wengi, kidonda hakimpiti. Akanishika mkono, akakifungua kile kitambaa palepale mbele ya gari la bwana, na kilipokwisha kufunguka mpishi naye akaacha kucheka. Kidole kilikuwa kimevimba, cheusi kuelekea bluu, na pete imezama ndani yake huioni ila upande mmoja.

"Mungu wangu," akasema. "Twende."

"Sijafunika..."

"Lifunike wewe mpishi!"

Dispensari haikuwa mbali. Dresa, yaani mfunga vidonda wa pale, alikuwa mtu mzima, Mtaveta, asiye na maneno mengi. Akakigeuza kidole, akasema, "Mzee, pete itoke leo, au wiki ijayo kitoke kidole na pete yake." Nikamtazama mke wangu.

"Mbona unanitazama mimi?"

"Ni yako," nikamwambia. "Ulisema isitoke."

Akamgeukia dresa, akasema, "Kata pete." Nilipouma meno ni yeye aliyekishika kiwiko changu kisicheze, na koleo lilipofanya ka! akafumba macho kabla yangu.

Tulikaa nje, kwenye ngazi za dispensari. Pete ilikuwa mkononi mwake, imekatika upande mmoja na kupanuka. Aliifuta damu kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unaniogopa mimi?"

"Wewe na bwana," nikasema. "Yeye mchana, wewe usiku. Nimechoka, mama watoto. Sijapata kuchoka hivi."

Akalia. Kisha akanitukana, matusi mazuri ya nyumbani ambayo sikuwa nimeyasikia miezi miwili, na nilipoyasikia nami machozi yakanitoka. "Mjinga wee! Mimi pete niliitaka iwe juu ya kidole. Kidole kikioza nitaivisha nini? Mti?" Nikamuuliza, na wale wanawake wa kanisa? Akaifunga pete kwenye pindo la leso, mafundo mawili. "Wakiuliza kidole chako, nitawafungulia hapa waone na damu yako. Asiyeridhika anyanyuke benchi la mbele, mimi sinyanyuki." Na hakunyanyuka. Alipanda lori la jioni, na Jumapili ile, nilivyosikia baadaye, alikaa palepale.

Mimi nikarudi kazini kesho yake, kwa kuwa watoto walikuwa bado wanakula. Kidole kilifungwa bendeji nyeupe ya dispensari. Bwana akatoka nyumbani, akaliangalia gari kwanza, upande huu na upande huu, hakuona mkwaruzo. Ndipo akaniangalia mimi. Akaona bendeji ni nyembamba, haina kitu kilichotuna ndani yake. Akakishika kidole, akakiminya kidogo kuhakikisha, nikauma ulimi.

"Pete hapana?"

"Hapana, bwana."

Uso wake ukafunguka. Katika muda wote niliomfanyia kazi sikuwa nimeuona ukifunguka hivyo. Alinigonga begani, kwa upole kabisa, mara ya kwanza na ya mwisho. "Mzuri," akasema. "Mzuri sana. Sasa mimi najua wewe napenda gari yangu."

Nilitaka kumweleza. Nilitafuta katika Kiswahili chake, ambacho kilijua leta, toa, safisha, hapana, na nikaona hakina mahali pa kuliweka neno langu. Basi nikamwambia kwa Kidawida, lugha ya kwetu. Nilimwambia kwamba pete ile hakuikata yeye, wala gari lake. Aliyeikata ni mwanamke aliyesubiri miaka akitazama sakafu ili aipate, na aliikata kwa sababu kidole changu, hiki kibovu, alikiona kina thamani kuliko fedha na kanisa na macho ya watu. Nikamwambia gari lake silipendi, na sijalipenda siku hata moja. Nilisema yote, bila haraka, kwa sauti ya chini, kwa sababu hata nguvu ya kupandisha sauti sikuwa nayo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa kwa heshima. Kisha akasema, "Hapana neno, hapana neno," akidhani ninamshukuru.