Mama Alipomwona Waziri kwa Macho

Duara la mume wangu, shimo lake la uchimbaji kule karibu na Genkuru, lilitema dhahabu mara moja tu. Wenzake aliokuwa akichimba nao walinunua pikipiki, na mmoja alioa mke wa pili. Mume wangu alirudi nyumbani Turwa na televisheni kubwa, deki, na mfuko wa CD alizozipata Sirari kwa mtu aliyezileta kutoka upande wa pili wa mpaka. Nilimshukuru Mungu kwamba ni televisheni.

Haukupita muda duara likajaa maji. Wakawa wanasubiri pampu ya mtu mmoja ambaye kila wiki alisema ipo njiani. Basi mume wangu, aliyezoea kushinda chini ya ardhi, akawa anashinda kwenye kochi langu akitazama tamthilia ya waziri aliyetaka kuwa rais. Ilikuwa na jina refu lakini sisi tuliiita "ya Waziri". Kila siku baada ya chakula cha mchana aliangalia sehemu mbili.

Ndipo mama yangu akaja. Alikuwa ameteleza kisimani huko kwetu, jirani na Ikoma, akavunjika mguu. Hospitali walimfunga hogo, plasta ngumu kuanzia gotini mpaka kwenye kisigino, wakasema asiende mbali kwa wiki sita. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na sebule.

Mtu wa kwetu ameshaliona tatizo. Kwa asiyejua: mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala hawaongei ana kwa ana. Mama yangu alikuwa mzee wa kanisa, lakini mahubiri yote aliyowahi kuyasikia hayakuligusa jambo hilo. Katika miaka yote ya ndoa yangu, alichokifahamu cha mume wangu ni mgongo wake.

Nikampa mama chumba kilichopakana na sebule. Mlangoni palikuwa na pazia tu, na nyumba haikuwa na dari, kwa hiyo neno lililosemwa sebuleni lilipanda ukutani na kumwangukia mama kitandani.

Siku mbili za kwanza alinyamaza. Siku ya tatu Waziri alisimama bungeni akaapa kwamba hajui fedha za mradi wa maji zilikokwenda.

"Mura, acha uongo!" mume wangu akaifokea televisheni, kana kwamba Waziri ni kijana wa kwetu.

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia. "Mwanangu."

"Abee, mama."

"Huyo anayefoka, mwambie amwache mwenzake amalize kusema."

Mume wangu alikuwa amesikia kila neno, lakini alinisubiri, macho kwenye kioo.

"Mama anasema umwache amalize," nikamwambia.

"Mwambie mama, kwa heshima zote, huyu mtu ni mwizi."

"Anasema ni mwizi, mama."

"Muulize amejuaje. Mtu mwenye sauti ile haibi. Ile ni sauti ya mtu aliyelelewa na bibi yake."

"Mwambie mama angemwona macho yanavyomcheza!"

Tangu siku hiyo sikuosha tena vyombo mchana. Niliweka kiti kati ya kochi na pazia nikawa nachukua hoja za huku nazipeleka kule, kama spika wa bunge asiye na mshahara. Nikijaribu kufupisha, aliyetumiwa ujumbe alinirekebisha, maana alikuwa ameshausikia wote. Mama alihukumu kwa masikio. Alimpenda Waziri, na alimchukia katibu wake muhtasi kwa sababu viatu vyake viligonga sana sakafu. "Mtu anayetembea hivyo kwenye ofisi za watu," alisema, "ndiye mwenye hizo fedha." Mume wangu alihukumu kwa macho: saa ya Waziri, tumbo la Waziri, jasho la Waziri.

Shida ilikuja sehemu ya mwisho, kwa sababu haikuwa na maneno. Waziri anaingia ofisini peke yake, anafungua droo, anatoa bahasha, anaitia ndani ya koti, anaondoka. Ni muziki tu.

"Mbona wamenyamaza?" mama akauliza. "Amefanya nini?"

"Mwambie mama ameiba mpaka bahasha ya mwisho."

"Mwambie siupokei ushahidi wake. Alimchukia mshtakiwa tangu siku ya kwanza. Nitaona mwenyewe."

Tukaianza upya. Kesho yake mume wangu alitoa stuli nje, akaiweka chini ya dirisha la sebule, akakaa ameyaelekea mahindi ya jirani. Ndipo nikamsaidia mama kujikokota hadi kwenye kochi, mguu nikauegemeza juu ya ndoo niliyoipindua.

"Mwambie asichungulie," mama akasema.

"Mwambie sichungulii," dirisha likajibu.

Siku ya pili ya mpango huo jirani alinivuta pembeni akaniuliza kama mume wangu ni mzima, maana amemwona anabishana na mahindi.

Waziri alipotokea, mama alimtazama muda mrefu. "Ndiye huyu? Mwenye meno haya?"

"Ndiye, mama."

"Huyu ana uso wa mtu anayekuuzia ng'ombe mgonjwa." Katibu muhtasi alipoingia, mama akasikitika. "Kumbe ni mtoto wa watu tu. Na viatu vyenyewe vinambana, maskini."

Nje nako mambo yalikuwa yanageuka. Mara ya kwanza mume wangu alikuwa ametazama magari na suti. Sasa, bila cha kutazama zaidi ya mahindi, aliyasikia maneno. Sehemu ya nne akagonga dirisha. "Mwambie mama turudishe nyuma kidogo!" Nikarudisha. Waziri alikuwa anamwambia katibu wake alirudishe faili mahali pake. "Mmesikia? Amesema lirudishwe! Huyu mtu ameonewa!"

"Mwambie aje aone meno," mama akasema, kisha akakumbuka kwamba hawezi kuja.

Nilikwenda jikoni kucheka. Vyama vilikuwa vilevile viwili, ila vimebadilishana viti.

Nilikuwa huko huko jikoni, nachemsha chai, siku umeme ulipokatika Waziri akiwa anahojiwa na kamati. Nikasikia mazungumzo.

"Lakini mama, aliyetia sahihi ni nani?"

"Ni yeye, baba. Nimeuona mkono."

"Mkono tu, mama! Unaweza kuwa wa mtu yeyote."

"Wenye saa ile?"

Mume wangu akaangua kicheko, na mama naye. Nilisimama na birika mkononi, naogopa hata kuhamisha mguu. Kisha wote wawili wakanyamaza kwa pamoja. Stuli ikakwaruza chini. Mume wangu akasema kwa sauti, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba anakwenda kuangalia maji kwenye duara, akaondoka na ndala miguuni. Alirudi kesho yake.

Aliporudi, mama akaniita. "Mwambie mkwe kwamba jana umeme ulipokatika mimi nilisinzia."

"Mwambie mama hata mimi sikusikia mtu."

Nikazipeleka taarifa zote mbili bila kucheka.

Tulipofika kwenye bahasha, mume wangu alipaza sauti kutoka nje kwamba hiyo ni barua ya kujiuzulu, na kwamba Waziri ni mtu wa heshima. Nilimkumbusha kuwa aliiona kwa macho yake akasema ni wizi.

"Siku ile nilikuwa natazama," akasema. "Sikuwa nasikiliza."

Wote wawili wananiuliza mpaka leo mimi nilikuwa upande gani. Sijui. Tamthilia yote imepita mbele yangu mara mbili na sikuiona hata mara moja, nilikuwa kazini.

Hogo lilifunguliwa, mama akarudi kwao. Pampu nayo ilifika, ikavuta maji wiki nzima, na chini yake hapakuwa na kitu zaidi ya tope. Mume wangu akaanza kutafuta kazi nyingine.

Mwezi uliofuata mama alinipigia simu. Alinisalimia harakaharaka, akaulizia hali ya nyumbani, kisha akashusha sauti.

"Mkwe yupo?"

"Yupo, mama."

"Simu haina uso," akasema. "Mpe."

Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili, amesimama. Akasema shikamoo, akatoka nayo nje. Waliongea mpaka salio la mama likaisha, halafu mume wangu akampigia.